Jinsi Tulivyomrudisha Fundi Anaeli Kundini

Nilifika Kikwe asubuhi nikiwa na sanduku la bati, kanzu mbili na barua ya kupangiwa kazi, na kabla ya saa nane mchana nilikuwa nimeshazika mtu. Marehemu alikuwa bibi mmoja ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai. Mchungaji wa Usharika alikuwa kikaoni Arusha mjini, na mzee wa kanisa aliyenipokea hakunipa hata nafasi ya kunawa uso. "Afadhali umekuja, Mwinjilisti," aliniambia. "Vaa kanzu, watu wanasubiri."

Chuoni tulifundishwa ibada ya mazishi kwa kitabu. Hatukufundishwa namna ya kusimama ukingoni mwa shimo huku udongo unateleza chini ya viatu. Mwanamume aliyekuwa ndani ya kaburi akimalizia kusakafia kwa sementi aliinua kichwa akaniambia kwa sauti ya chini, "Rudi hatua mbili nyuma, kijana wangu. Hapo patabomoka." Nikarudi. Haukupita muda, udongo wa pale nilipokuwa nimesimama ukaporomoka.

Huyo alikuwa Fundi Anaeli, mwashi. Ibada ilipokwisha nilimtafuta nimshukuru, nikaambiwa ameshaondoka. "Huwa hasubiri baraka," mzee wa kanisa alisema. "Ametengwa."

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna simu na kompyuta, na wengi wenu mna digrii, kwa hiyo niwaeleze kidogo ilivyokuwa. Mwinjilisti si mchungaji. Mchungaji ana usharika mzima, na usharika una mitaa. Mwinjilisti hupewa mtaa mmoja auangalie. Anahubiri, anafundisha watoto wa kipaimara, anatembelea wagonjwa, anazika. Kugawa Chakula cha Bwana si kazi yake. Kubatiza anaruhusiwa pale tu mtoto anapokuwa mahututi na mchungaji yuko mbali, na huo tuliuita ubatizo wa dharura. Mimi nilibatiza hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na wengi wa watoto hao niliwazika wiki hiyohiyo.

Kitu kikubwa mikononi mwa mwinjilisti kilikuwa daftari la washarika. Humo kila mtu wa mtaa alikuwa na mstari wake: lini alibatizwa, nani walikuwa wadhamini, lini alipata kipaimara, ndoa, kifo. Aliyevunja taratibu alitengwa, maana yake alizuiwa mezani pa Bwana, na mstari wake ukapigwa wino mwekundu. Akifa hajarudi, hazikwi na mtumishi mwenye kanzu, wala kengele haigongwi. Mstari wa Anaeli ulikuwa mwekundu kabla mimi sijafika.

Kosa lake lilikuwa kuoa mke wa pili. Yeye na mke wake wa ndoa, Ndekirwa, walikaa miaka mingi bila mtoto. Wenyeji walinisimulia kwamba Ndekirwa mwenyewe ndiye aliyetoka kwenda upande wa magharibi, kwa Waarusha, akarudi na msichana anayeitwa Nembris, akamkabidhi mumewe. Nembris alizaa watoto watatu: Neema, kisha Elia, kisha kitinda mimba ambaye nilimkuta bado mgongoni. Watoto walibatizwa kwa udhamini wa Ndekirwa, wakamwita mama mkubwa, wakalala chumbani kwake. Nembris mwenyewe hakuwa amebatizwa. Nilipofungua darasa la ubatizo la watu wazima alikuja kila Alhamisi, amejitanda shuka, akakaa benchi la mbele. Amri Kumi alizijua kuliko wengi. Mchungaji aliniambia asubiri kwanza, mpaka "suala la nyumba ile" litatuliwe.

Na Anaeli ndiye aliyejenga kanisa. Mawe ya msingi aliyachonga yeye, kuta alizipandisha yeye, miaka ya nyuma kabla hajatengwa. Jumapili alikuja akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, na wenzake waliposimama kwenda mezani, yeye alitoka nje.

Mwaka wangu wa tatu Mchungaji wa Usharika aliniita ofisini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti nzito, asiyependa kurudia neno.

"Mkuu wa Jimbo anakuja kutukagua," alisema. "Ataingia kanisa lililojengwa na mtu aliyekaa nje. Unaona hiyo picha?"

"Naiona, Mchungaji."

"Nataka arudi kundini. Masharti unayajua. Mke ni mmoja."

"Ana watoto watatu na yule mke mdogo."

"Mwinjilisti, sikukuita tujadili masharti."

Ningeweza kushindwa kazi ile. Wenzangu wengi walitumwa hivyo wakashindwa, na hakuna aliyewafukuza kazi. Lakini nilikuwa kijana, nataka kuonekana, na bahati mbaya nafasi ikajitokeza. Anaeli alianguka kutoka kwenye jukwaa akipiga lipu nyumba ya mtu, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali akiwa hawezi kusimama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaanza kuogopa kufa.

Nilimtembelea kila wiki. Nilimsomea, nikaomba, na kila mara kabla sijaondoka niligusa jambo lilelile. Siku moja aliniuliza moja kwa moja, "Mwinjilisti, nikifa hivi nilivyo, utanizika?"

Nikamjibu, "Sitaruhusiwa kuvaa kanzu, mzee. Na kengele haitagongwa."

Nilichomwambia kilikuwa kweli. Lakini nilijua ninachokifanya. Mtu aliyejenga makaburi ya kijiji kizima, nilimwonyesha kaburi lake mwenyewe halina mtu wa kuliombea. Aligeukia ukutani akalia. Wiki iliyofuata aliniambia amekubali.

Ndekirwa alinisindikiza mpaka kwenye mfereji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, na sikumbuki kama aliwahi kunipinga kabla ya siku ile.

"Huyu binti nilimleta mimi," alisema. "Kama kuna dhambi, andika jina langu. Nitengeni mimi."

"Haiwezekani, mama. Wewe ni mke wa ndoa."

"Wale watoto ni wangu. Mnawatoa mnawapeleka wapi?"

"Wataenda na mama yao. Mungu atawatunza."

Akaniuliza, "Wewe una watoto?"

Sikuwa nao bado. Nilimwambia hivyo. Akageuka akarudi nyumbani.

Siku ya kuondoka kwa Nembris nilitakiwa niwepo na wazee wawili wa kanisa, tushuhudie, tutie saini fomu ya usharika. Ndugu wa Anaeli alileta pikapu. Walipakia godoro, masufuria, na gunia la mahindi. Ndekirwa alikuwa jikoni na hakutoka. Elia, aliyekuwa na miaka kama sita, alitoka kwenye gari mara mbili akakimbilia jikoni, na mara zote mbili mzee wa kanisa alimbeba akamrudisha. Nembris hakulia. Alinijia amemshika mkono yule kitinda mimba.

"Mwinjilisti, mimi nimetengwa?"

"Hapana, Nembris. Wewe hujabatizwa, huwezi kutengwa."

"Basi mbona ndiye ninayeondoka?"

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa, akaniambia nitie saini twende. Nikatia.

Jumapili ya ukaguzi Anaeli aliingia kwa magongo. Mchungaji alimsimamisha mbele na kumwuliza maswali matatu ya kurudi kundini: unakiri, unatubu, unaahidi. Akajibu yote. Wanawake wakapiga vigelegele, kwaya ikaimba, akaongozwa mezani. Mkuu wa Jimbo alinishika mkono mlangoni. "Hii ndiyo kazi, Mwinjilisti," alisema. "Hii ndiyo kazi." Nilikuwa na furaha kubwa siku ile, siwezi kudanganya. Ndekirwa alikaa benchi lake bila kuimba, na hakwenda mezani pamoja na mumewe.

Wiki chache baadaye Neema alikuja ofisini kwangu. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili hivi. Alisema mama yao amepanga chumba Sakina, Arusha mjini, na kanisa la huko limewaambia walete barua. Msharika anapohama, mwinjilisti wa mtaa anaotoka humwandikia barua ya utambulisho, ili apokelewe anakokwenda. Ni karatasi ya mistari minne na mhuri.

"Mama yako si msharika," nilimwambia. "Siwezi kumwandikia barua mtu ambaye hayumo."

Alisimama pale. Alitaka kusema neno, lakini nilikuwa na kikao cha wazee, nikasimama nikachukua kofia yangu. Akaondoka.

Mama yake hakuwemo, ndiyo. Watoto walikuwemo, wote watatu. Ningefungua daftari tu, ningewaona, maana mmoja wao niliandika jina lake kwa mkono wangu mwenyewe. Barua ile ilikuwa haki yao. Sikufungua.

Mvua za masika zilipoanza, habari zikaja kwamba Elia amefariki huko mjini kwa homa ya kifua. Baba yake hakuweza kusafiri na nyonga ile. Ndekirwa alikwenda. Nilitangaza msiba kanisani, tukaomba, nami nikadhani mwenzangu wa Sakina amemzika. Nilipokwenda kumpa Anaeli pole alikuwa amekaa akitazama ukuta, hakunijibu neno. Nikasema moyoni, ni uchungu wa mzazi. Tangu siku hiyo hakuja tena kanisani, na alipoletewa Chakula cha Bwana nyumbani alifumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Hakumaliza mwaka. Nilimzika nikiwa na kanzu, kengele ikagongwa, kila kitu kikafanyika kama nilivyomwahidi. Baada ya matanga Ndekirwa alifunga nyumba, akaondoka na mfuko mmoja. Watu walisema amekwenda kwa kaka yake.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Sakina. Ilihesabiwa kuwa ni kupandishwa, kwa sababu mtaa wa mjini ulikuwa na washarika wengi, wafanyabiashara kutoka Kilimanjaro, walimu, watu wa ofisi. Kazi yenyewe ilikuwa tofauti. Kikwe nilijua nani anaumwa kabla hajaniita; Sakina mtu aliweza kufa kando ya barabara ya Nairobi, nikamjua jina kwenye cheti. Niliamua kutembea. Kila siku nilichukua kipande cha mtaa, nikabisha hodi mlango kwa mlango.

Ndivyo nilivyofika nyuma ya gereji moja ambako mama ntilie waliwapikia mafundi. Nembris alikuwa anasonga ugali. Kando yake, akikata vitunguu kwenye ungo, alikuwa Ndekirwa.

Niliwasalimu. Nembris alinitazama, akaendelea kusonga. Nikampa pole ya Elia, nikasema najua mwenzangu aliyenitangulia alimzika vizuri.

Ndekirwa aliweka kisu chini. "Nani alikwambia alizikwa na mwenzako?"

Nilikiri kwamba nilidhani tu.

"Tulikwenda kwake. Akasema hana barua ya hao watu, hawajui. Nembris alikataa mtoto arudishwe Kikwe, mahali alipobebwa kutupwa kwenye gari. Tukamzika makaburi ya mjini. Mafundi wa hapa ndio waliochimba. Hakukuwa na kanzu. Mimi ndiye niliyesema Baba Yetu, na katikati nikasahau maneno." Alishika kisu tena. "Anaeli nilimweleza yote niliporudi. Yeye ndiye aliyejenga lile kanisa, Mwinjilisti. Alisema angejua, angeuacha msingi uliwe na nyasi."

Nilitaka kukaa chini, lakini hakuna aliyenipa kiti. Fundi mmoja alikuja na sahani yake, akaniomba nisogee.

Nilirudi ofisini nikaandika barua ya utambulisho kwa ajili ya Neema na mdogo wake, nikaipigia mhuri, nikaipeleka kesho yake. Nembris aliipokea kwa mkono mmoja. Aliniuliza, "Na ya Elia iko wapi?" Kisha akaiweka chini ya jiwe karibu na mafiga, akaenda kuteka maji. Hawakuja kanisani kwangu hata Jumapili moja.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilipita mitaa mingine, nikawa mwinjilisti mkuu, nikawafundisha vijana kuandika daftari. Nilizika watu wengi kipindi kile ugonjwa ulipokuwa unaondoa familia nzima, na wengi wao walikuwa wametengwa. Niliwazika nimevaa kanzu. Niliitwa mara mbili kujieleza. Mara ya pili Mkuu wa Jimbo, siyo yule wa kwanza, aliniuliza kama nimesahau taratibu. Nikamwambia sijasahau hata moja. Alifunga faili, akaniambia niende. Utaratibu wenyewe baadaye ulilegezwa. Msiniulize nani aliulegeza; mimi sikuwa na ujasiri wa kusimama kikaoni kusema lolote, nilivaa kanzu tu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Olasiti, na huko niliwakuta tena. Walikuwa wamehamia upande wa kwao Nembris, wazee wote wawili, nyumba moja ya matofali aliyowajengea Neema, ambaye sasa ni muuguzi. Nilipita mbele ya nyumba hiyo kwenda na kurudi kazini mpaka nilipostaafu. Ndekirwa aliniitikia salamu. Nembris hakuniitikia.

Nilipostaafu, usharika wangu wa zamani ulikuwa unajiandaa kwa sherehe, ukaniomba niandike historia ya mtaa wa Kikwe na watu wake waliotangulia. Nilikaa na yale madaftari miezi kadhaa. Niliandika wainjilisti, wazee wa kanisa, kwaya, na nikaandika sura ya Fundi Anaeli kama nilivyowasimulia hapa. Mchungaji wa sasa, kijana mwenye adabu sana, alikuja nyumbani na mswada mkononi.

"Mzee, kamati imesoma. Ni kazi kubwa. Ila sura hii imewapa shida."

"Kuna uongo ndani yake?"

"Hapana, mzee. Lakini ni kitabu cha sherehe. Tungeomba tuseme tu kwamba alijenga kanisa, na kwamba alirudi kundini."

Nilikataa. Kitabu kilitoka bila jina langu, na Anaeli ana sentensi moja ndani yake: alijenga kanisa na akarudi kundini.

Mwaka jana Nembris alifariki. Ndekirwa, ambaye sasa haoni vizuri, alimtuma jirani aniite. Nilimkuta amekaa kitandani kwa marehemu. "Mchungaji wa hapa atamzika," alisema. "Neema alimwomba mapema, naye mchungaji akambatiza Nembris humu chumbani. Lakini historia fupi ya marehemu hatuna wa kuiandika. Mimi sijui kuandika, na Neema hawezi. Wewe ulikuwepo."

"Mama, unataka niandike yote?"

"Ungekuwa unataka kuandika nusu, nisingekuita."

Historia fupi, kwa asiyejua, husomwa kabla mwili haujatolewa: alizaliwa, aliolewa, alizaa, aliugua, alifariki. Nilisimama mbele ya jeneza nimevaa koti la kawaida. Nilisoma kwamba Nembris aliolewa Kikwe na kuzaa watoto watatu. Nilisoma kwamba aliondolewa katika nyumba yake ili mumewe arudi kundini, na kwamba mwinjilisti aliyesimamia jambo hilo ni mimi ninayesoma. Nilisoma kwamba Elia alizikwa bila mtumishi kwa sababu ya barua niliyokataa kuiandika, ingawa jina lake lilikuwa kwenye daftari langu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee, inatosha." Ndekirwa akajibu kutoka alipokaa, "Haijatosha. Soma." Nikasoma mpaka mwisho.

Baada ya mazishi nilitaka kuondoka kimyakimya. Ndekirwa aliuliza kama nimekula, akaambiwa bado. "Neema, mpe chakula," alisema. Neema aliniletea bakuli la loshoro, makande ya maziwa mgando, akasimama mbele yangu.

"Siku ile nilikuwa nataka kukwambia Elia ameanza kukohoa," alisema. "Ukachukua kofia."

"Ndiyo," nilisema. "Nilichukua kofia."

Nilikula loshoro ile yote, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya.

Watu huniuliza siku hizi, hasa wainjilisti vijana wanaonitembelea, kama ninajutia kuchagua kazi hii. Sijutii kazi. Niliwashika mikono watu wanaokufa, na wengine walikufa kwa amani kwa sababu nilikuwepo. Ninachojutia ni kwamba siku niliyosifiwa kuliko siku zote ndiyo siku niliyofanya ubaya mkubwa kuliko wote, na wakati huo sikuona tofauti.

Ninakwenda Olasiti mara moja kwa mwezi kumsomea Ndekirwa. Neema akiwa nyumbani hunifungulia mlango. Wenzake wote wa umri wake hapo mtaani huniamkia shikamoo. Yeye huniambia, "Habari yako," kama anavyomwambia mtu wa rika lake. Namjibu, "Nzuri," na ananipisha nipite.